Bi Harusi Niliyemfunika kwa Masizi

Nilipoanza kazi ya kurekebisha picha pale Mwingi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, studio yetu haikuwa na kifaa hata kimoja cha kazi hiyo. Mwenye studio alikuwa mzee Mwislamu ambaye babake alitoka pwani akafungua duka kando ya barabara ya Garissa. Alikuwa ameletewa orodha ya vifaa kutoka Nairobi: meza yenye taa chini ya kioo, wino wa kijivu wa kila aina, brashi za manyoya laini, kabati la chuma la kuwekea negativu, zile filamu ambazo picha huoshwa kutoka kwazo. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Binti yangu, hivi ni vya matajiri. Tutafute njia yetu."

Njia yetu niliitafuta mimi. Nilichukua kreti ya soda, nikaweka kioo cha dirisha juu yake na kioo cha kujitazamia ndani, nikaielekeza mlangoni. Jua lilipoingia, liligonga kile cha ndani likaangaza negativu kutoka chini. Penseli ya shule niliinoa kwenye msasa hadi ncha ikawa kama sindano, na kwa ncha hiyo niliziba makovu na chunusi za watu. Wino niliutengeneza kwa masizi ya taa na gundi ya mgunga, ile tuliyokuwa tukitafuna tukichunga mbuzi. Negativu nilizitia kwenye bahasha nilizokata kutoka daftari kuukuu, kila moja na nambari yake, nikazipanga ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Nambari zote niliziandika kwenye daftari moja, pamoja na kijiji na shughuli. Mteja wa miaka mitatu nyuma akija, nilimpatia picha yake kabla hatujamaliza kusalimiana.

Nilijivunia sana. Watu walikuja kutoka mbali kwa sababu yangu, na mimi nililijua hilo.

Siku moja aliingia mwanamume wa upande wa Kyuso, amevaa suti, sauti ya upole. Alinionyesha picha tuliyompigia kaka yake nyumbani kwao siku alipomkaribisha bibi arusi: watu sita wamesimama mbele ya ua wa minyaa, bibi arusi kwa gauni jeupe, mkono wake umeshika kiwiko cha mumewe.

"Kaka yangu alifariki," akasema. "Huyu mwanamke alikuwa amemtoroka. Mama akiiona hii picha analia upya kila siku. Unaweza kumtoa?"

"Naweza," nikasema. Sikuuliza kitu kingine.

Nilifanya kazi ile siku tatu. Niliosha nakala kubwa, nikaanza kulifunika gauni kwa masizi, tone kwa tone, hadi jeupe likawa minyaa. Vidole ndivyo vilivyonisumbua. Nilivigeuza vikawa mikunjo ya koti. Kisha niliipiga picha ile picha iliyochorwa, nikaosha nakala mpya, safi, isiyo na alama ya brashi. Yule mwanamume alipoiona alicheka kwa furaha.

"Mikono yako ni ya ajabu," akasema. "Sasa nipe na negativu ya zamani, nimpelekee mama aichome mwenyewe."

Mzee alikuwa na sheria moja tu: negativu haitoki studio. Siku hiyo hakuwepo. Nikampa.

Miezi michache baadaye, mvua ikiwa imekataa, alikuja mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Uso ule nilikuwa nimeuzima siku tatu nzima.

"Dada, mlitupiga picha nyumbani," akasema. "Mimi na marehemu mume wangu. Yangu ilipotea siku ya matanga. Naomba nyingine."

Nikamuuliza ni ya nini, nikijifanya natafuta kwenye daftari.

"Shemeji yangu ananifukuza shambani. Anasema sikuolewa, eti nilikuwa mpishi tu. Cheti sina, na wazee waliokula mbuzi wa ndoa siku ile ni wa ukoo wao, wamenyamaza. Amempelekea chifu picha ya siku hiyo, na mimi simo. Dada, nilisimama pale! Nitakosaje kuwamo?"

Nilifungua kopo, nikatoa bahasha. Ilikuwa tupu. Juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimeandika siku ile: imechukuliwa na ndugu.

"Iliharibika," nikamwambia. "Joto."

Alikaa kwenye benchi akinitazama, kama anayengoja niongeze neno. Akafunga leso ya mtoto vizuri, akaondoka. Asubuhi yake nilimweleza mzee yote. Hakunipigia kelele.

"Umemfuta mtu akiwa hai," akasema.

"Mzee, nilidhani..."

"Hukudhani. Ungedhani, ungeuliza."

Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mtu akifumba macho picha hupigwa mara ya pili. Negativu zilizoharibika nilikuwa naziweka kwenye kopo la peke yake, nifanyie mazoezi ya penseli. Tulilimwaga mezani, tukashika moja moja kwenye mwanga. Tuliipata karibu na adhuhuri. Mume alikuwa amefumba macho, lakini bibi arusi alikuwa pale, wazi kabisa, mkono kiwikoni. Niliiosha bila kugusa chochote.

Tulipanda lori hadi Kyuso siku ya baraza la chifu. Nilisimama mbele ya watu, nikamkabidhi chifu picha ya pili, nikasema kwamba ile aliyopewa kwanza niliitengeneza mimi, kwa masizi na gundi.

"Amenunuliwa!" shemeji akapiga kelele. "Hii ya pili ndiyo ya uongo! Mwenyewe amesema anajua kutengeneza."

Chifu alinigeukia. "Tutakuaminije wewe? Leo unasema hivi, jana ulifanya vile."

Aliniwekea picha zote mbili mkononi. Nilizitazama, macho yakajaa machozi, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho siku zile tatu sikukiona.

"Chifu, hesabu watu," nikasema. "Halafu hesabu vivuli."

Akahesabu kwa kidole. Watu watano. Vivuli sita, cha mwisho kimelala chini mbele ya minyaa, bila mwenyewe. Picha ilizunguka mkono kwa mkono, na wazee wawili waliokuwa wamenyamaza wakaanza kukohoa. Mmoja akasema kwamba, ndiyo, anakumbuka mbuzi.

Mwanamke yule alirudishiwa nyumba na shamba la bondeni. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa, na nusu ya boma imebomolewa ili mbao zake zichukuliwe. Nilimfuata kumwomba msamaha. Mtoto alikuwa amelala.

"Nilikuja kwako nikakuuliza," akasema. "Ukaniambia joto."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia."

Mzee hakunifukuza, lakini tangu hapo kila picha ya kuondoa mtu aliikataa yeye mwenyewe mlangoni, na mimi nilibaki na kazi ya kuziba chunusi. Wateja wengine walituhama. Walisema studio ile hubadilisha watu. Nilishindwa kuwalaumu.

Mwanamke yule nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, siku ya soko, akiuza ndengu. Binti yake alikuwa mkubwa, amevaa sare, ameshika fomu ya shule iliyohitaji picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Walipita mbele yangu, mama akaniitikia salamu kwa heshima, akamshika binti mkono, wakavuka barabara hadi studio nyingine.