Utepe wa Kanga Kwenye Sanduku la Nguzo

Tausi wa Tongoni, fundi wa laini za intaneti, ana mdomo jamani! Mguse kidogo tu kuhusu kazi yake, hamlali. "Mimi sibahatishi, nauliza waya wenyewe," ndivyo anavyojigamba. Humkuti bila lupu zake, vichomeko vidogo vya kupimia: ukichomeka kimoja kwenye laini, ishara iliyotumwa hugeuka hapohapo na kurudi ilikotoka. Ikirudi, ujue mpaka hapo pazima. Kila lupu ameifunga utepe mwekundu wa kanga ya marehemu mama yake, asije akaisahau mahali.

Asubuhi ile kwenye zahanati ya Mkwaja, maneno yalimwisha. Anjela, mjamzito wa miezi minane, alikuwa kitandani anatoka damu. Muuguzi Zuleha alikwisha kumpiga picha ya tumbo, lakini daktari wa Pangani alitaka kuiona kwanza. Mvua ilikuwa imeitafuna barabara. Kumrusharusha mgonjwa makorongoni bure kungeweza kumuua, na kumweka pale ilhali anahitaji kupasuliwa kungemuua vilevile. Simu zilikamata sauti tu. Intaneti ilikuwa imekufa tangu jana alasiri.

"Mdogo wangu, fanya hima," Zuleha alimwambia.

Tausi akachomeka lupu kwenye modemu. Ishara ikarudi safi. Akaitoa, akarudisha waya wa laini, akampigia Masoud, mwenzake wa ofisini Tanga mjini, naye akatuma ishara kutoka kwake.

"Inarudi vizuri, da Tausi. Laini haina neno. Tatizo liko huko kwenu."

"Kwetu wapi? Modemu nzima!"

"Mimi nakwambia ninachokiona."

Huku kuko sawa, kule kuko sawa, na picha haiendi! Chumba cha pili Anjela aliguna, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomtia Tausi kiwewe. Akauchomoa waya wa laini kutoka kwenye modemu, akaushika mkononi.

"Tuma tena, Masoud."

"Inarudi."

"Inarudije na waya ninao mkononi?"

Tausi akautazama ule waya. Ishara haifiki hapa na bado inarudi, basi kuna mahali njiani inageuzwa. Na jana alasiri ni nani aliyekuwa kwenye ile nguzo ya njia panda akipima laini, mvua ikamkurupusha, akabamiza mlango wa sanduku na kukimbilia pikipiki yake?

Akaurudisha waya kwenye modemu, akatoka mbio matope yakimrukia mpaka kiunoni. Akafungua sanduku. Loo! Utepe mwekundu ule pale, umeloa chepechepe. Akaichomoa lupu.

Aliporudi, picha ilikwisha kwenda na Zuleha alikuwa anaongea na daktari simuni. Kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Apasuliwe leo leo, aletwe taratibu.

"Mungu akuweke, Tausi, umetuokoa!"

Angeweza kuitikia amina na kunyamaza.

"Dada, usinishukuru. Nimewakatia laini mimi mwenyewe. Jana niliisahau lupu yangu nguzoni."

Zuleha alimkazia macho, akayashusha kwenye utepe.

"Basi panda gari la zahanati. Utamshikilia njia nzima, asirushwe hata na shimo moja."

Akapanda, akamkumbatia Anjela mpaka mikono ikafa ganzi. Huko Pangani, mtoto alipolia nyuma ya mlango, Tausi naye alilia kwa sauti mbele za watu, akajifutia machozi kwa utepe uleule.