Mfalme Kwenye Kiti cha Wageni

Jirani yangu Aum Lhaden, aum ni kama kusema bibi, analima pilipili ng'ambo ya mto, na mwaka ule daraja la mbao lilikatika pilipili zikiwa zimeshaiva. Mnajua wenyewe, pilipili zikiiva hazimsubiri mtu. Wangda, gup wetu, yaani mkuu wa kata tuliyempigia kura, kila akiulizwa alisema mafundi wako njiani.

Basi kila asubuhi Lhaden alisimama sebuleni akiipelekea mashtaka picha ya mfalme. Asubuhi moja mumewe, Namgay, akamweleza kwa mara nyingine kwamba siku hizi nchi ina katiba, na madaraja si kazi ya mfalme.

"Kodi ya shamba langu ndiyo inayomlisha," Lhaden akasema. "Bunge linamtengea posho kila mwaka. Ina maana analipwa kwa kukaa tu?"

"Analipwa ili watu kama Wangda wasikikalie kile kiti cha enzi."

Lhaden akaigeukia picha, na Namgay akaanza kuingiwa na wasiwasi. Mkewe akaitoa picha ukutani, akaifunga kwa shali, akaibeba mpaka ofisi ya kata.

Sasa, picha ya mfalme haikosekani ofisini. Ila imetundikwa nyuma ya kiti cha Wangda, na tangu achaguliwe ameipa mgongo. Lhaden alimkuta miguu iko juu ya stuli, tambuu imejaa shavuni. Akaisimamisha picha yake kwenye kiti cha wageni, ikatazamana naye.

Wangda akainuka kama aliyekalia kaa la moto. Akapapasa bega lake. Ile shuka ya heshima, ambayo bila hiyo mkubwa yeyote hasimami mbele ya mfalme, alikuwa ameiacha nyumbani. Kukaa hawezi. Kutema tambuu hawezi. Kuimeza, hata mimi nisingemshauri.

"Aum," akasema kwa shavu moja, "mfalme hana mamlaka juu ya daraja."

"Najua. Ndiyo maana hasemi kitu."

"Basi mwondoe, tuongee."

"Hajaniambia kama anataka kuondoka."

Wangda akawapigia mafundi simu akiwa wima, machozi yakimlengalenga. Wakaja kesho yake wakaliunga daraja, na pilipili zikavuka mto kabla hazijaoza.

Picha ikarudi ukutani. Lhaden akaweka mbele yake bakuli la pilipili zilizopikwa kwa jibini, zikitoa moshi. Namgay akamuuliza kama posho ya bunge haitoshi.

"Ile ni ya kukaa kimya ikulu," Lhaden akasema. "Hii ni ya kukaa kimya kwa Wangda."