Ndoo ya Kutemea Mvinyo

Mwanangu, siku niliyoshuka kwenye ndege hapa Doha nimeshaisahau karibu yote, ila joto tu. Siku ninayoikumbuka mpaka leo ni ile niliyowekewa ndoo ndogo ya chuma juu ya kitambaa cheupe, nikaambiwa nitemee humo mvinyo mbele ya bosi wangu na mgeni wake. Nakusimulia kwa sababu juzi kwenye basi la kampuni uliniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba unaulizia ugonjwa wa aibu, eti kazi yetu hii inaweza kufanywa na mtu asiyekunywa? Sikukujibu pale, maana basi zima lilikuwa limetega masikio. Sasa kaa. Chai ipo, na leo sote tuko mapumziko.

Enzi hizo nilikuwa na umri kama wako. Metro haikuwepo, na sisi wa hoteli tulikuwa tunakaa mtaa wa Najma, wasichana tumejazana chumba kimoja, kiyoyozi kikinguruma kama mashine ya kusaga unga. Kazi yangu ilikuwa kubeba sahani. Napeleka zilizojaa, narudisha tupu, basi. Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, na Bwana Fadi, Mlebanoni aliyesimamia mkahawa wetu, alishasema wazi kwamba wabeba sahani wamekuwa wengi mno. Anayetaka kubaki ajifunze kitu cha ziada, la sivyo tiketi ya kurudi kwao ipo. Mimi kurudi? Ng'o! Nilikuwa na wadogo zangu shuleni. Na zaidi ya hapo, nikuambie ukweli, nilikuwa naitamani kazi ya Mzee Kizito.

Mzee Kizito alikuwa Mganda wa Masaka, mhudumu wa mvinyo, mtu mzima wa suti nyeusi na mwendo wa taratibu. Mgeni akishakaa, yeye ndiye anayemwambia kwa nyama hii unafaa mvinyo huu, na mgeni anamsikiliza kama anavyomsikiliza daktari. Alikuwa anajiandaa kurudi kwao kupumzika, na nafasi yake ilikuwa inatafutiwa mtu. Nikamfuata, nikamwambia, Mzee, nifundishe. Hakuniuliza nina cheti gani. Aliniuliza kama pua yangu inafanya kazi.

Sasa hapo ndipo penye shida. Baba yangu aliuawa na pombe. Chang'aa ilimpofusha macho kwanza, ikammaliza baadaye, na katikati ya hayo mawili mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kumpeleka choo. Ndiyo maana Mama, siku ya kuondoka kwangu, aliniita jikoni akafunga mlango. Akaniambia, "Rispa, huko hotelini utabeba pombe za watu. Sawa, kazi ni kazi. Lakini isipite kooni mwako hata tone. Niahidi." Nikaahidi. Mama si mtu wa kulia ovyo, na siku hiyo alilia. Ahadi ya namna hiyo huwezi kuichezea.

Nilimweleza Mzee Kizito mambo hayo yote. Akasema mvinyo wa kazini hauhitaji kumezwa. Unautazama rangi, unaunusa, unauchukua kidogo mdomoni, unauzungusha, unautema, kisha unangoja usikie umekuachia nini. "Ulimi ni wa kazi, nyabo," aliniambia. Nyabo ndivyo Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Koo ni lako." Akaanza kunifundisha pua kabla ya ulimi. Kila tukipata nafasi ananipeleka jikoni, ananifumba macho kwa taulo, ananinusisha pilipili manga, ganda la limau, majani ya chai, ngozi ya kiatu chake. Wapishi walikuwa wanatucheka mpaka wanashika mbavu. Wacha wacheke, mimi nilikuwa nimeshaamua.

Basi ikafika siku yenyewe. Alikuja mama mmoja wa Kiaustralia aitwaye Heather, uso umeungua jua, mikono imekakamaa kama ya mtu aliyezoea jembe. Kazi yake ilikuwa kuuza mvinyo wa wakulima wadogo wa kwao. Hakuwa na chupa hata moja ya kiwanda kikubwa. Huyu ni mjane na mwanawe, wale ni mke na mume na shamba lisilozidi viwanja vichache vya mpira. Bwana Fadi alikuwa na nafasi ya wachache tu kwenye menyu ya hoteli. Tulikaa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa wakati huo ulimi haujachoka. Glasi zikapangwa safu, kila mtu na ndoo yake. Bwana Fadi akanitazama akasema, "Rispa ataonja pamoja nasi. Akiweza, kazi ya Kizito ni yake. Akishindwa, tulishaongea."

Nikaichukua glasi ya kwanza. Rangi nikaiona, harufu nikaisikia, nikatia mdomoni. Kisha nikainua macho, nikamkuta Heather ananitazama usoni, anatabasamu, anangoja. Mwanangu, nikashindwa kutema! Wewe unakujua kwetu. Mtu mzima ametoka safari ya mbali, amekuletea kitu kwa mikono yake miwili, umekitia mdomoni, halafu ukiteme mbele yake? Mama yangu angenizaba kofi hapohapo. Mkono ulikwenda kwenye ndoo, shingo ikakataa kuinama. Nikameza. Na glasi ya pili nikaimeza vilevile, tena kwa tabasamu, nikasema ni nzuri sana.

Mzee Kizito akaweka glasi yake chini. Akasema anahitaji mtu wa kumsaidia kuleta maji, nami nikamfuata nyuma ya kaunta. Sijawahi kumwona amekasirika kama siku ile.

"Umemeza," akasema.

"Mzee, ningetemaje mbele ya mgeni? Ni matusi."

"Matusi ni hayo uliyomfanyia sasa hivi. Yule mama hakukuletea zawadi, amekuletea kazi. Mkulima aliyemtuma anataka kujua mvinyo wake ukoje, wewe unampa heshima za sebuleni. Hizo glasi mbili umezionaje? Niambie."

Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu, ladha yenyewe sikuisikiliza.

"Na kuna mwanamke mwingine," akaendelea, sauti imeshuka, "uliyemwahidi jikoni kwake. Ulisema kwa ajili yake utatema. Umemuuza kwa sababu mzungu amekuchekea. Ukimeza na zilizobaki, ukifika mwisho wa meza utakuwa unasifu kila kitu, hata maji ya ndoo. Chagua, nyabo. Mimi nakwenda na maji."

Akaniacha pale na machozi yangu. Nililia kidogo tu, maana muda haukuwepo. Nikanawa uso. Nikajiambia, Rispa, umevuka bahari kuja huku, shingo yako ndiyo ikushinde kuinamisha? Haiwezekani.

Nikarudi mezani, nikachukua glasi iliyofuata. Nikaizungusha mdomoni, nikaivuta ndoo, nikainama, nikatema. Nilitema vibaya, nakwambia, mpaka kidevu kikalowa na tone likaruka kwenye kitambaa cheupe. Nikatazamia Heather atakunja uso. Wala! Alinisogezea kitambaa cha kufutia, akauliza, "Haya, unasikia nini?"

Ndipo nikasikia kweli. Ile ilikuwa nyeupe, kali kama ndimu, na nyuma yake kuna kitu nilichokijua tangu utotoni, harufu ya mafuta ya taa wakati unajaza kibatari. Nikasema hivyohivyo. Heather akasema ndiyo, mvinyo wa aina ile ukikaa miaka unatoa harufu hiyo, na wapo wanaoupendea hiyo. Iliyofuata ilikuwa nyekundu nzito, zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, pilipili manga, na juu yake mvuke wa majani ya mkaratusi. Heather akaniambia shamba lile limezungukwa na mikaratusi, miti ya kwao, na upepo ndio unaoileta harufu kwenye zabibu. Nikacheka peke yangu. Miti hiyohiyo ilijaa shuleni kwetu na mimi nilidhani ni ya kwetu!

Nyingine ikanikaba ulimi. Ilikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi, na haukuisha hata nilipongoja. Nikasema sioni mgeni wetu akiifurahia, labda ingoje miaka. Heather hakucheka tena. Akasema mkulima huyo ni rafiki yake. Hata hivyo sikubadilisha neno. Nilikuwa nimeshasifu kwa heshima mara mbili siku hiyo, ilitosha.

Tulipomaliza, Bwana Fadi akafurahi, akajaza glasi zetu mvinyo ule wa mkaratusi. "Yalla, sasa tunywe! Kwa heshima ya mgeni wetu." Wote wakainua. Mimi nikaishika glasi, nikainua pamoja nao, nikairudisha mezani.

"Rispa?" akaita.

"Samahani, bwana. Mimi nimeonja. Sinywi."

"Hata ya heshima?"

"Hata hiyo."

Bwana Fadi si mtu wa kukataliwa mbele ya wageni. Akasema, "Utauzaje kitu usichokunywa? Mgeni akikuuliza utamwambia nini?"

Nikamwambia, "Nitamwambia nilichosikia, bwana. Nigeuze nitazame ukuta, umimine upya glasi yoyote, unijaribu."

Akanijaribu. Nilitazama ukuta, wao wakahamisha glasi, nikaonja, nikatema, sasa bila hata kulowesha kidevu. Ule wa mafuta ya taa nikautaja. Wa mkaratusi nikautaja. Wa ukakasi, nani angeusahau? Kisha akanipa nyingine, nyeupe, laini. Nikaizungusha, nikaitafuta kichwani, hamna kitu. Ningeweza kubahatisha. Nikamgeukia nikamwambia, "Hii siijui, bwana. Ni moja kati ya zile mbili za mwanzo. Zile nilizimeza kwa haya, sikuzisikiliza."

Heather akamtazama Bwana Fadi. Bwana Fadi akamtazama Mzee Kizito, naye Mzee Kizito akajifanya anapanguza chupa. Mwishowe bosi akapumua. "Khalas, yameisha," akasema. "Kesho uanze na Kizito. Na mwambie akutafutie suti."

Jioni nikanunua kadi ya simu kwenye duka la pale chini kwetu Najma, nikakaa kwenye ngazi, nikampigia Mama. Ningeweza kukaa kimya, nani angemwambia? Lakini nilitaka kazi ile niishike na jina langu safi. Nikamweleza yote. Kwamba nimepata kazi ya kuonja mvinyo. Kwamba nitakuwa nautia mdomoni na kuutema, kila wiki. Kwamba mbili za kwanza nilizimeza kwa kuogopa watu, na kwamba hazitafuatwa na nyingine.

Nikasikia kuku wakilia nyuma yake, na mtu akipita anamwamkia. Nilijua anamfikiria Baba. Na mimi nilikuwa namfikiria. Nikamwambia, "Mama, ukisema niache, naacha kesho, nitarudi nyumbani."

Kisha akauliza, "Na hiyo iliyokupendeza, ilikuwa na ladha gani?"

Nikamwambia zambarau, Mama. Zambarau, pilipili manga, na ule mkaratusi uliokuwa unatufukizia tukipata mafua, unatufunika blanketi.

"Kumbe," akasema. "Eh! Kumbe hivyo." Nikamsikia anavuta pumzi. "Haya, mwanangu. Fanya kazi. Na uteme vizuri."

Nililia kwenye zile ngazi mpaka majirani wakadhani nimefiwa.

Sasa sikia jibu lako, mwanangu. Ndiyo, inawezekana. Miaka yote hii sijanywa, na hakuna mgeni aliyewahi kuinuka mezani pangu akilalamika. Lakini lazima uamue kabla hujaishika glasi, maana ukisubiri kuamua mbele ya macho ya watu, haya itakuamulia. Kama dini yako au roho yako inakataa hata kuugusa kwa ulimi, nenda kwa bosi mchana kweupe umwambie, uombe upande wa chakula. Hiyo si aibu, nami nitakwenda nawe. Kama umekubali kuonja, onja kikazi, inama uteme, na mtu akiudhika mwache audhike. Usimsifie mtu kazi yake kwa kuogopa uso wake. Yule mkulima wa ndizi mbichi, mwaka uliofuata Heather alileta mvinyo wake mwingine, na huo niliupitisha mimi mwenyewe kwa furaha. Usipojua, sema sijui, kisha urudi ujifunze. Na nyumbani usiwafiche. Wanajua kuliko unavyodhani, na wanakupenda kuliko unavyoogopa.

Bibi yangu, akitaka kumbariki mjukuu, alikuwa anamtemea mate kidogo kifuani. Nikikufanyia hivyo hapa utasema nimekuwa mchafu uzeeni, kwa hiyo pokea kwa maneno. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kujua na mzito wa kudanganya. Akulinde na barabara za mji huu na upweke wa vyumba vyake. Kama nawe uliacha ahadi nyumbani, uikute nzima siku utakayorudi, na aliyekuapisha awe hai mlangoni, akupokee.