Unabii wa Mama Henriette

Mama Henriette alijaliwa kichwa cha kukariri Zaburi na mdomo usiojua kunong'ona. Kichwa alijisifia mwenyewe. Mdomo aliwaachia majirani wausemee.

Mpwa wake Josias, fundi wa simu, alikuwa amemwambia zamani kwamba anapenda wanaume. Mama Henriette alilia wiki nzima, akafunga, kisha akaendelea kumpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, maana Mungu hakumwambia amlaze mtoto njaa.

Josias na wenzake wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake, walikuwa na kikundi mtandaoni cha kuchekeshana tu. Majina yao na mizaha yao waliifungia kwa maneno ya siri. Siku ya kubadili maneno hayo, Josias aliwapigia wenzake akiwa mezani kwa shangazi yake, sauti ya simu ikasikika chumba kizima.

“Wekeni ‘Yesu ni Mwokozi’,” Mama Henriette akashauri.

Simu ikalipuka vicheko.

“Shangazi, hayo hata mwizi wa mtaani anaanza nayo!” akasema Scola, Mtanzania wa kikundi. “Ufunguo mzuri hauna maana yoyote. Tunarusha dadu, kila namba ina neno lake kwenye orodha, zenyewe ndizo zichague.”

Dadu zikachagua: ngazi, mbuzi, sabuni, jirani, kofia, radi.

“Tantine, shangazi yangu, ututunzie kichwani,” Josias akasema. “Karatasi inaibiwa. Kanisa likiona majina yetu, mimi nimekwisha.”

Mama Henriette akaapa. Na asije akasahau, akayatia maneno yale katika maombi ya alfajiri. Ila tangu abatizwe hajawahi kuomba kimoyomoyo, na chumba chake cha kupanga pale mtaa wa South Beach kilitengwa na cha Diane, dada wa kanisa moja naye, kwa pazia tu.

Jumapili ya tatu mchungaji akamwita mbele. Kumbe Diane, akidhani ni unabii, aliyaandika yote na kuyatuma kwenye kikundi cha kanisa, watu mia mbili! Mchungaji alikwisha kuyafasiri: ngazi ni ya Yakobo, sabuni ni utakaso, mbuzi ni wale wa mkono wa kushoto. Nabii akapewa kiti chenye mto. Na Mungu amsamehe, alikikalia ibada nzima, tena akakinyoosha kilemba ili waliokaa nyuma wamwone.

Alipotoka akampigia Josias, akamsimulia yote.

“Eish, Tantine! Tunabadilisha sasa hivi. Lakini wakijua ni ufunguo, watauliza wa nini.”

Wiki ile Mama Henriette hakulala vizuri. Akinyamaza, anamsingizia Roho Mtakatifu. Akisema, anamwuza mtoto.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, akasimama.

“Wapendwa, ule haukuwa unabii. Ni maneno ya kufungulia mambo ya simu. Kichwa kimechoka, nikamwomba Bwana anikumbushe. Nikakubali kiti kwa tamaa ya mto.”

“Mambo gani hayo, Mama?” Diane akauliza mbele ya wote.

“Diane, mwanangu, umetangaza mbuzi wangu kwa watu mia mbili. Na mengine unataka ukayatangaze wapi?”

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe, aliyehubiri sabuni dakika arobaini, alicheka hadi akavua miwani. Hakuna aliyeuliza tena.

Mlangoni, Josias, aliyekuwa amesimama tayari kukimbia, akaketi kwenye benchi la nyuma. Akasogea, shangazi yake, asiye na kiti cha nabii tena, apate pa kukaa.