Kitako Kilichopimwa Julai

Siku yangu ya kwanza kazini Anoka, mji mdogo wa ng'ambo karibu na Saint Paul, nilipewa kipande cha chuma chakavu na kuambiwa nikikereze kwenye mashine mpaka kiwe na unene wa nusu inchi kamili. Hakuna aliyeniuliza cheti. Bosi, mzee mrefu mwenye aproni ya ngozi, alisimama nyuma yangu akinywa kahawa. Nilipomaliza, akakipima kwa mikromita mara tatu, akasema, "Njoo kesho saa moja asubuhi." Kesho yake nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikamsubiri mlangoni kwenye theluji huku masikio yakiniuma.

Ukerezaji nilijifunzia karakana ya reli Tabora, chini ya Fundi Mkuu ambaye hakuwa na mchezo. Siku moja nilimwambia mbele ya wenzangu kwamba kipimo chake kimezidi. Kilikuwa kimezidi kweli. Alinipeleka kupaka grisi mabehewa kwa miezi sita, na tangu hapo nikawa mtu wa kusema "sawa, mkuu". Niliichukua adabu hiyo, nikapanda nayo ndege mke wangu alipopata kazi ya uuguzi Saint Paul. Tulipanga ghorofani, mtaa wa Frogtown.

Karakana ya Anoka ilitengeneza bunduki za kuwindia koyote, moja moja, kwa kipimo cha mteja. Koyote ni wa jamii ya mbweha wetu, ila mkubwa kidogo na mjanja kupita kiasi. Wafugaji wa kondoo hawataki hata kumsikia. Anawindwa kwa risasi nyembamba kuliko penseli, yenye kasi kubwa, ili ngozi isichanike. Kwa risasi ndogo namna hiyo, mtutu ukikosewa hata kwa unene wa unywele, mwindaji anarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake yuko mlangoni kwako.

Kazi yangu ilianza kwenye mtutu ikaishia kwenye kitako, yaani kile kipande cha mti kinachoegemea bega. Kitako kinapimwa kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole kinachofyatua. Sharti ni mteja aje na koti lake la baridi, hata kama ni kiangazi, kwa sababu koti linaongeza unene begani. Kitako kirefu kinanasa kwapani, na koyote hatakusubiri ujinasue. Nimewavalisha watu makoti mazito mwezi wa nane wakatoka jasho kama wako jikoni, wakanilaani, nikawacheka.

Tulikuwa wanne. Mmoja alistaafu, mwingine akahamia kwa watoto wake, tukabaki Bosi na mimi. Alinitaka nimwite kwa jina lake, nikashindwa. Nilimwita Bosi kwa miaka kumi na tisa. Tulikula chakula cha mchana kwenye benchi moja, yeye na mkate wake, mimi na wali wangu, na mara nyingi hatukusema neno mpaka tumalize.

Mke wangu alipofariki, Bosi alikuja kanisani. Ibada ilichukua saa tatu, yote kwa Kiswahili, naye alisimama ukutani nyuma, kofia mkononi, hakuelewa neno na hakuondoka. Baada ya hapo nyumba ilininyamazia. Binti yangu anaishi Apple Valley, ananielewa kila neno, ila hunijibu kwa Kiingereza. Kulikuwa na wiki ambazo Kiswahili nilikisema na sufuria tu. Nilikuwa mpweke, na sioni aibu kulisema. Benchi lile la Anoka ndilo lililonishika.

Kisha macho ya Bosi yakaanza kufifia. Daktari alimwambia ana msimu mmoja wa kuwinda, asitegemee wa pili. Mwezi Julai akaniambia, "Nitengenezee bunduki. Yote ifanye wewe, mimi sigusi." Nilijua maana yake. Alitaka koyote wake wa mwisho aangushwe na kazi ya mikono yangu.

Alisimama nimpime akiwa na shati la mikono mifupi. Nilikuwa na tepu mkononi na sentensi mdomoni: Bosi, kalete koti. Haikutoka. Mtu aliyenifundisha sharti lenyewe, nimkumbushe? Nikajisemea, anajua anachofanya. Yeye naye, kama nilivyokuja kujua, alidhani nimeshapunguza unene wa koti kichwani mwangu. Nikaandika kipimo cha shati, na kitako nikakichonga hivyo hivyo.

Januari alinipeleka shambani kwa mfugaji mmoja kaskazini mwa Anoka. Miaka yote hiyo nilitengeneza bunduki za uwindaji na sikuwahi kwenda kuwinda. Kulipopambazuka tulikuwa tumeketi kwenye theluji, mgongo kwenye uzio, tumevaa nguo nyeupe juu ya makoti. Bosi akapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia. Tukangoja. Akapuliza tena. Koyote akatokea upande wa miti, wa kijivu, akitembea bila haraka, akisimama na kunusa. Alipofika karibu kiasi cha kumwona masikio, Bosi akainua bunduki.

Kitako kikanasa kwapani. Akakisukuma, kikakwaruza kwenye koti, na koyote akageuka mara moja. Aliondoka bila hata risasi moja kupigwa.

Bosi aliilaza bunduki mapajani. "Ulinipima na shati," alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Ulijua kwamba ni kosa?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

Alitoa risasi kwenye bunduki. "Miaka yote hii nilidhani nina rafiki pale benchini," alisema. "Kumbe nilikuwa na mfanyakazi."

Hakuna adhabu ya Fundi Mkuu iliyowahi kuniuma hivyo. Nilikata kitako wiki ile ile, lakini alipoweka jicho kwenye darubini ya bunduki aliona ukungu mtupu. Karakana ikafungwa kabla ya majira ya kuchipua, na mimi nikastaafu bila sherehe. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ufundi mtaupata, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu. Mimi nilikuwa na ufundi wa kutosha. Nilichokosa ni ujasiri wa kumwambia mtu nimpendaye maneno mawili.

Bosi sasa yuko kwenye nyumba ya wazee. Nilichukua muda kujikaza kwenda. Nilimkuta kwenye kiti chake, uso ameuinua, anatabasamu, anamsimulia mhudumu jinsi ziwa lilivyotulia leo na bata walivyorudi. Alikuwa ameelekea ukuta. Dirisha linalotazama ziwa lilikuwa nyuma yake.

Mhudumu alikuwa binti wa Kikenya. Aliposikia lafudhi yangu alinivuta pembeni. "Mwache tu, mzee," alininong'oneza kwa Kiswahili. "Tuli-move kiti tukisafisha. Anaona tu mwangaza kidogo, na ana-enjoy vile. Tuliona vibaya kumwambia, mtu mzima kama huyo."

Nilimwelewa kabisa. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu na Bosi, akaijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu.

"Ziwa zuri, siyo?" aliniuliza.

"Bosi," nikamwambia, "umeelekea ukuta."

Tabasamu lilimtoka. Alinyoosha mkono mbele, akapapasa, vidole vyake vikagusa rangi ya ukuta, vikabaki pale.

"Tangu lini?"

"Sijui. Wanasema tangu waliposafisha chumba."

"Na wote wanaoingia humu wameona?"

"Wameona."

Alirudisha mkono mapajani. Nikangoja anifukuze.

"Basi nigeuze," alisema.