Gundi Iliyokula Sauti ya Mama

Saa tatu asubuhi, Patroba Lukalo anaishika diski kwa ncha za vidole na kuielekeza mlangoni mwa kibanda chake, mtaani Amalemba, mjini Kakamega. Mwangaza unapenya, na haufai kupenya. Utando wa fedha umetoboka na kubanduka vipande vipande. Upande wa pili, picha ya mzee aliyevaa tai ingali inatabasamu, safi kabisa.

Diski ni ya Selpher, mjane kutoka Navakholo, aliyeketi kwenye benchi na mkoba mapajani. Ni filamu ya mazishi ya mumewe. Kitinda mimba wao, Mitchel, alikuwa tumboni siku hiyo, naye amemjua baba yake kwa diski hii tu.

"Baba Ashley, si ulituambianga hii kitu itakaa mpaka wajukuu waione?" Selpher anamuuliza.

"Niliwaambia, Mama Mitchel."

"Sasa?"

Patroba anairudisha diski kwenye mfuko na kumnyooshea, lakini Selpher hainui mkono. Anasimama, anaaga kwa sauti ndogo na kuiacha mezani.

"Huyo ni wa arobaini na moja kurudisha diski," anasema Patroba, mwenye umri wa miaka 52. "Afadhali wanaonitukana. Huyu ameniaga tu."

Kwa miaka tisa, hakuna mazishi ya maana kutoka Navakholo hadi Mumias yaliyopita bila kamera yake. Alirekodi, akakata na kuunganisha kwenye kompyuta, akaweka nyimbo za kwaya, kisha akaichoma filamu kwenye diski za kutosha ukoo mzima. Kazi moja ilimpa shilingi elfu nane. Leo kila mtu ana simu yake, naye hupiga picha za pasipoti na kuuza kava za simu. Siku njema humpa mia nne.

Lakini kilichompa jina ni stika. Alichapisha picha ya marehemu, tarehe zake mbili na mstari wa Biblia, akaikata karatasi mviringo na kuibandika juu ya diski kwa gundi ya kawaida ya dukani. Aliyetaka stika aliongeza shilingi hamsini. Na nani hakutaka? Diski isiyo na sura ya mpendwa wao, watu waliiona kama ya kuokota sokoni.

Gundi hiyo ndiyo iliyofanya kazi polepole, mwaka baada ya mwaka, ikila utando wa fedha chini yake, ule unaobeba picha na sauti.

"Sikujua. Nilidhani nawapamba," anasema. "Kumbe nilikuwa nawazika mara ya pili."

Ukweli usemwe: hakuweka nakala. Alikuwa na kompyuta moja, na kila Desemba, harusi zilipobisha hodi, alifuta mazishi ya mwaka mzima ili apate nafasi.

Diski zilizopona ni zile tupu, za watu waliokosa hamsini ya stika. Patroba aliwapa huku amekunja uso. Sasa ndio anaowatafuta, boma kwa boma, akiwabembeleza wamwazime diski zao awanakilie jamaa zao walioongeza hamsini. Kufikia sasa amepata kumi na sita. Ya mume wa Selpher bado.

Na kuna moja inayomnyima usingizi kuliko zote. Ni ya mama yake mzazi, Jael, aliyezikwa mwaka 2014.

Alichoma diski saba za mazishi hayo. Sita alizibandika stika nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na zote sita zimekufa. Mwanzoni mwa filamu palikuwa na sekunde kumi na nne za Jael akiwa hai, akipukuchua mahindi uani. Hakuna mahali pengine duniani sauti yake ilipobaki.

Ya saba iko Lugari, kwa kaka yake mkubwa, Isaiah.

Siku ya mazishi, Isaiah alishika maikrofoni mbele ya umati akasema: "Mama ameugua miezi mitano. Huyu mtoto wake alikuwa anazungukanga kwa matanga ya watu na kamera, na nyumbani haji." Patroba aliyakata maneno hayo kwenye kompyuta, akaweka pambio mahali pake. Isaiah alipogundua amekatwa, alikuja juu. Patroba naye, kwa hasira, akamchomea zile sekunde za mama na rekodi yote ya mazishi, haijahaririwa, haina wimbo wala stika, akamtupia mapajani.

"Nilitaka ajue simheshimu," anasema. "Ndiyo maana diski yake imepona."

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Jumatatu iliyopita Patroba alimeza kiburi na kupiga simu. Isaiah akajibu: "Kuja Jumamosi. Lakini diski hutaibeba. Tutaitisha watu wote wa boma, tukae chini, tuione yote. Hata yale maneno yangu."

Patroba atakwenda. Ameosha shati na kuweka nauli kando. Akikubaliwa, anapanga kunakili filamu hiyo mara saba upya, safari hii bila stika, na bila kukata hata neno moja. Anasema anaogopa maneno ya kaka yake, ila si sana. Hayo ameyazoea, maana ameyasikia kichwani kila siku tangu alipoyafuta.

Anachokiogopa hasa ni zile sekunde kumi na nne. Anakumbuka vizuri zilivyo. Jael anapukuchua, anainua uso, anaiona kamera, na kicheko kinamtoka kidogo.

"Patroba, wacha hiyo kitu," anasema. "Kuja unisaidie."