Nilitafuta nyumba ya likizo Malindi, mama mkwe akagoma mlangoni

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Naandika nikiwa nimesharudi Ruiru, mgongo bado unauma kwa kuendesha gari. Nitasimulia kama ilivyokuwa. Mke wangu Nafula naye ni mwanachama humu, kwa hiyo nikitia chuku atanisahihisha mbele yenu na sitakuwa na pa kujificha.

Mimi ni Mluhya wa kwenye kitambulisho. Nimezaliwa Nairobi, nimekulia Nairobi, Bungoma naenda kukiwa na mazishi au Krismasi. Hilo ndilo lililoniponza.

Baba mkwe alifariki, na tangu siku hiyo mama mkwe akajifungia. Kanisani haendi, kwa jirani haendi. Anakaa tu sebuleni na redio imezimwa. Nafula alikuwa akimpigia simu jioni, akimaliza anaingia jikoni kulia, anadhani sisikii.

Alimbembeleza kwa muda mrefu sana aje nasi Pwani tukifunga mwaka. Mama hajawahi kuiona bahari. Mwishowe akakubali, na Nafula akaniambia waziwazi kwamba mama yake akirudi Bungoma bila kufurahi, hatatoka tena nje ya lile lango.

Basi nikajitosa. Nikasema mambo ya nyumba niachieni mimi, itakuwa surprise.

Wakuu, kama hujawahi kutafuta nyumba ya familia Malindi mwezi wa Disemba, shukuru Mungu. Hoteli zinatoza kwa kichwa, hata mtoto wa kunyonya ni mteja. Zile cottage nzuri karibu na ufuo, ukiuliza bei unaambiwa kwanza jinsi mandhari yalivyo, hapo jua umekwisha.

Nilipekua mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Nikapata apartment ya vyumba vitatu, ghorofa ya kwanza, jiko la gesi, maji ya kutosha, na bei yake chini ya vyumba viwili vya hoteli. Nikatuma deposit kabla mtu hajaniwahi. Siku hiyo nilitembea ofisini kifua mbele.

Gari letu ni dogo, kwa hiyo nilitangulia na mizigo. Nafula, watoto wetu watatu na mama wakaja na treni mpaka Mombasa, nikawapokea, tukapandisha pamoja mpaka Malindi. Watoto wakapakatana, mama akakaa nyuma dirishani. Tulipovuka daraja la Kilifi akauliza kwa sauti ndogo, "Hayo yote ni maji?" Nafula akanifinya mkono. Nikajua likizo imeshaanza vizuri.

Tukafika. Mama akapanda ngazi, akachungulia ndani, akaona ile korido yenye milango mitatu inayotazamana. Akasema anataka kupunga upepo kidogo. Akashuka, akakaa kwenye ukuta mfupi pale chini, mkoba mapajani.

Nilidhani ni uchovu wa safari. Nikamteremshia kiti. Chai akanywea huko huko. Jua likazama, mama bado anapunga upepo.

Nafula akanivuta pembeni. "Wewe utalala wapi?"

Nikamwonyesha chumba cha mwisho.

"Na mama?"

Nikamwonyesha cha kwanza, chenye kitanda kikubwa kuliko vyote. Nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Akanitazama kama mtu aliyegundua ameolewa na mgeni. Akasema, "Baba Tindi, kweli hujui?"

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima. Hamshikani mikono, hamli meza moja, hamwoneshani maungo. Ndiyo maana mama akija Nairobi hulala kwa shemeji yangu, kaka yake Nafula, mtaa wa Kahawa. Miaka yote hiyo mimi nilidhani anampenda tu mwanawe kuliko sisi. Naye Nafula hakunikumbusha kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mwanaume wa kwetu anayehitaji kukumbushwa.

Nikaanza kubishana, kama kawaida yangu. Nikasema kila chumba kina mlango na kufuli. Nikauliza mbona tumetoka Mombasa ndani ya gari moja, gari nalo si lina paa? Nikaambiwa nisijifanye mjuaji. Tukampigia mjomba wake Nafula kule Bungoma, nikitumaini atakuwa na kanuni ya dharura kwa ajili ya watalii. Mjomba akacheka, kisha akasema paa ni paa, akakata.

Usiku huo nililala garini ili mama apande juu. Mbu wa Malindi walinila bila haraka, kama watu waliolipia. Sikujali, nilijua nimelitatua tatizo.

Kumbe nimeliharibu zaidi. Asubuhi nilikuta mama ameshafunga begi lake. Alimtuma binti yangu Tindi aje kuniambia, maana hatusemezani ovyo: "Bibi anasema anarudi nyumbani leo. Anasema hajawahi kusikia mtu amemlaza mkwe wake nje kama mbwa. Anaomba apelekwe stendi ya basi."

Nafula alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso ameuficha kwenye leso. Wakuu, nimeoana na huyu mwanamke miaka mingi na sijawahi kujisikia mdogo hivyo. Nikamwambia Tindi amwombe bibi anipe mpaka saa sita mchana. Bibi akakubali, ila begi halikufunguliwa.

Nikaingia mjini kama mtu anayetafuta dawa. Hoteli ya kwanza wakanipa vyumba viwili, jengo moja. Nikauliza kama wana jengo lingine, yule dada wa mapokezi akadhani nimegombana na mke wangu, akanishauri tuongee kwanza. Ya pili walikuwa na cottage mbili mbalimbali, ila bei yake ningeuza gari na turudi Ruiru kwa miguu.

Madalali nao. Mmoja alinipeleka kwenye nyumba, nikamwambia hili ni paa moja. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Mzee, wewe wataka kulala au wataka kuhesabu mapaa?"

Nikakata tamaa. Nikasema angalau nirudi na kifungua kinywa. Kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja anauza mahamri na mbaazi. Nikiwa kwenye foleni nikampigia Nafula nikamwambia, kwa sauti ya kushindwa, kwamba nyumba zipo ila za mapaa mawili hakuna.

Yule mama akaacha kufunga mahamri.

"Samahani, baba. Hayo mapaa mawili, wasafiri na mkweo?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa tayari kwa mahubiri. Hakushangaa hata kidogo.

"Basi mbona wajisumbua na mahoteli? Hata kwetu Marafa mkwe hulali naye paa moja. Mimi nna binti, mumewe afanya kazi ya chumvi kule Marereni. Hakulala nyumbani mwangu hata siku moja, na twapendana sana. Alipooa, tulimjengea nyumba yake papo hapo uani. Mwezi huu hawaji, imefungwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia, huku akimkabidhi mteja mwingine chenji yake.

Mnaelewa, wakuu? Nimezunguka mji mzima kutafuta kitu ambacho mama wa mahamri amekijenga nyuma ya nyumba yake.

Anaitwa Mama Kadzo. Alimwachia biashara jirani yake akaingia kwenye gari. Kwake ni nje kidogo ya mji, kiwanja kimefagiliwa safi. Nyumba kubwa ya mawe na mabati, anaishi peke yake na vyumba viwili vitupu. Ng'ambo ya ua, nyumba ndogo ya makuti, kitanda cha kamba, neti isiyo na tundu. Jiko liko katikati, lina paa lake la tatu. Nilikaribia kulibusu.

Bei aliyonitajia ilikuwa chini kuliko ya apartment. Sikuomba apunguze hata kwa mazoea. Ile deposit ya kwanza ilishaliwa, na naomba mtu asiniulize habari zake kwenye comments.

Nikamrudia mama mkwe saa sita haijafika. Akaingia garini na begi lake, bado anaamini tunaweza kwenda stendi.

Tulipofika, Mama Kadzo alikuwa langoni. Aliniona nataka kumtambulisha mama, akanipita kama nguzo ya umeme. "Shikamoo, dada. Nimeambiwa waja na mkweo. Yeye kitanda chake kiko kule, wewe wangu mimi, huku." Akachukua begi mwenyewe.

Mama akasimama katikati ya ua. Akatazama mabati, akatazama makuti. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kwetu, "Hapa kuna watu."

Akaingia ndani na kuvua viatu. Nafula akanikumbatia hapo hapo uani, akakumbuka mama yake yupo, akaniachia haraka.

Jioni ile, nikiwa kwenye nyumba ya makuti na Nafula, tukasikia sauti kutoka nyumba kubwa. Mama Kadzo naye ni mjane. Walikuwa wanasimuliana habari za waume zao, mmoja kwa Kiswahili cha Pwani na mwingine kwa Kiswahili cha Bungoma, na nusu ya maneno sidhani kama walielewana. Halafu mama mkwe akacheka. Kicheko kirefu, cha kukohoa.

Nafula akashika mkono wangu akasema hajakisikia kicheko hicho tangu mazishi. Mimi si mtu wa machozi, lakini neti ilikuwa na vumbi siku hiyo, nadhani.

Kuanzia hapo likizo ilikuwa yao, sisi tulikuwa madereva. Asubuhi mama anakanda unga wa mahamri na mwenyeji wake, mchana anamfundisha kupika mboga ya kwetu kwa maziwa. Tukawapeleka Marafa kuona yale makorongo mekundu, wakakaa kwenye kivuli wakizungumza na hawakuyatazama sana.

Baharini sasa. Kumbukeni, hatuoneshani maungo. Kwa hiyo kama mlimwona mwanaume mzima ndani ya maji amevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, huyo ni mimi. Vijana wa ufuo waliniita mchungaji. Mama naye aliingia na gauni lake, ameshikana mikono na wajukuu, maji mpaka magotini, akapiga kelele wimbi lilipomfikia. Nilitazama upande mwingine kwa heshima, ila nilisikia kila kitu, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitafuta nyumba ya familia, usikimbilie kuuliza vyumba vingapi na bei gani. Uliza kwanza nani anakwenda, na nani hawezi kulala karibu na nani. Na uwaulize wenyewe, achana na surprise. Pia ukikwama, sema shida yako kwa sauti mahali penye watu. Mimi ningeona haya kidogo tu, mama angekuwa kwenye basi.

Siku ya kuondoka, nikiwa napakia mizigo, Tindi akaja mbio na ujumbe.

"Baba, bibi anasema ahsante. Na anasema mwakani anakuja tena, ila atakuja na dada zake wawili."

Nikamuuliza Nafula kama hao nao ni mama mkwe zangu. Akasema wote, tena yule mkubwa ndiye mkali.

Kwa hiyo wakuu, kabla hamjanicheka, naomba msaada. Mwenye kiwanja Malindi, Watamu au Kilifi chenye nyumba ya akina mama wazito watatu, na paa lingine mbali kidogo la mtu mmoja mpole na mkewe, aniandikie hapa chini. Na wewe uliyewahi kulala garini kwa ajili ya mkwe, jitokeze, nisijione peke yangu.